Viungo

Mnyororo wa mpima ardhi una viungo mia.
Futi sitini na sita ukiunyoosha vizuri,
yaani yadi ishirini na mbili,
yaani pima kumi na moja,
mikono arobaini na minne,
shibiri themanini na nane.
Hesabu inaingia, haibakizi chembe.
Niliifanya kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni
usiku ule kabla Bwana Nyangweso hajafika kutoka Kisumu
na gunia lake linalolia kama sarafu.

Lakini mikono ya nani?

Nyanya Vugutsa aliuza marekani soko la Luanda,
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati,
na wateja wakampita wakaenda kwa Agesa,
jitu la Ebusakami lenye mkono kama mwiko wa matanga.
"Kwa Agesa," walisema, "shuka inafunika hata miguu."
Nyanya hakununa.
Kila kitambaa alikikata, kisha akarudi nyuma,
akatandaza kiganja, akaongeza shibiri moja
ambayo hakuna aliyeilipia.
Aliiita shibiri ya aibu.

Ndiye aliyeligawa shamba la Chavakali babu alipofariki,
kwa kamba ya mkonge aliyoisokota pajani.
Alikunjua mikono kama anayekumbatia ng'ombe:
pima, fundo. Pima, fundo.
Kutoka mtoni, mafundo thelathini na matatu ya baba.
Kutoka hapo hadi barabarani, thelathini na matatu ya Lugalia.
Akapanda mkonge katikati, akanawa matope.
Karani wa chifu akaandika: *pima 33, kila mmoja.*
Hakuandika za nani.

Pima thelathini na tatu ni minyororo mitatu kamili.
Kitabuni.

Asubuhi nilishika kishikio cha shaba ukingoni mwa mto.
Mnyororo wa kwanza ukalala kwenye viazi vitamu.
Wa pili ukapanda mteremko.
Wa tatu ukavuka mkonge, haukusimama,
ukapita migomba ya baba mdogo, ukasukuma mlango,
na kiungo cha mia kikatua kati ya mafiga yake matatu,
juu ya jivu ambalo bado lilikuwa moto.
Karibu futi ishirini na saba.

Baba yangu alitazama jivu lile.
Nilimwona akilitamani, kisha akajikohoza.
Lugalia alikuwa na sufuria mkononi na hakujua aiweke wapi.

"Mnyororo haudanganyi," baba akasema, kwa sauti ndogo.
"Unadanganya," alisema Bwana Nyangweso, akifuta jasho.
"Viungo vinalika. Huu umerefuka inchi mbili tangu niupewe.
Kila mwaka naupeleka ofisini nao ukapimwe,
kama mzee anayepelekwa kliniki."

Hapo ndipo nilipovua sweta.
Tangu utotoni naambiwa nimerithi mabega ya Vugutsa,
na shati lolote la duka mikono yake hunizidi.
Nikashuka mtoni na kamba. Nikakunjua:
futi tano na inchi mbili, kidole hadi kidole.
Pima, fundo. Pima, fundo.
Hakuna aliyesema neno; Lugalia peke yake alihesabu,
midomo tu, kama anayesali rozari.
Kwenye ishirini mabega yalianza kuniuma,
nikafikiri: aliumwa hapahapa, mahali hapa hapa,
akiwa na miaka sitini, na mvua inakuja.

Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Fundo la thelathini na tatu halikufika kwenye mkonge.

Baba akafumba macho.
Nikapiga magoti, nikatandaza kiganja kwenye nyasi,
gumba kwenye fundo,
na kidole changu kidogo
kikagusa shina.

Bwana Nyangweso alifungua daftari, akalifunga, akalifungua.
"Hii ya mwisho," aliuliza, "niiandike vipi?"
Lugalia aliweka sufuria chini.