Herufi ya Tisa

Jumamosi, Mwaloni Kirumba, saa nne.
Nyanjige yupo dirishani kwangu,
magamba yamemkaukia kiwikoni.
"Andika tena," ananiambia.
Naandika. Mashine inajibu: *Hayupo.*

Na jina lake lile pale kiooni,
mstari wa arobaini na moja,
kati ya Nyamizi na Nyanzobe.
"Mimi huyu niliyesimama hapa,
ndiye nisiyekuwepo?"
Nyuma yake foleni imefika kwenye mizani,
na hao wote, najua, nao hawatakuwepo.

Nahesabu kwa kidole:
N, y, a, n, j, i, g, e.
Nane.
Naiuliza mashine. Inasema tisa.

Orodha iliandikwa jana Nyegezi, kwa mhasibu.
Kompyuta yake humaliza mstari kwa alama mbili:
kumi na tatu, rudi;
kumi, shuka.
Yangu inajua moja tu, shuka.
Ile ya kurudi imebaki mkiani mwa jina,
haina sura, haina sauti,
gamba la sato chini ya ukucha.

Mama alikuwa mpiga chapa ofisi ya pamba.
Kengele ikilia, mkono wa kushoto ulisukuma wenzo:
karatasi, krrr, ikarudi mwanzo,
roli ikazunguka meno mawili.
Mkono mmoja, kazi mbili.
"Ukishuka bila kurudi," alisema,
"utaandika hewani.
Ukirudi bila kushuka,
utamkanyaga uliyekwisha kumwandika."

Kwa hiyo mhasibu hakukosea.
Mashine yake inakumbuka mkono wa mama,
yangu imeusahau,
na mimi, mtoto wake,
nilifungua faili bila kuuliza linaishaje.

Naongeza agizo, foleni ikinung'unika:
kila mstari unaoingia, mkia ukatwe;
kila unaotoka, uishe nilivyosema mimi,
si mashine ilivyozoea.

Nyanjige. Nane.
Yupo.
Dagaa, kilo mia moja na kumi na mbili.

Anahesabu noti, anazihesabu tena,
anazifunga kwenye pindo la khanga.
Kisha anainamia dirisha:
"Na hiyo herufi uliyoniondolea,
ilikuwa yangu?"

Natafuta jibu.
Nyanzobe ameshaweka mkono kaunta.