Saruji Mbili

Ukuta wa mashariki umeanza kutoka jasho.
Chini ni jiwe la wadi, la kijivu,
lililoviringishwa na mafuriko mpaka likasahau pembe zake;
juu, matofali ya udongo na mabua;
na katikati, kiraka cha Baba,
kimenyooka kama shati la sare
juu ya mwili wa mgonjwa.

Fundi Muhenna amekigonga kwa kifundo cha kidole.
"Ndani hamna mtu," akasema.
"Udongo umeshaondoka. Hii simiti
inajishikilia yenyewe, kwa kiburi tu."

Baba aliingia Birkat al-Mauz mwaka wa sabini na nne,
kutoka Wete, na watoto watano, cherehani moja
na Kiarabu cha chuoni.
Nyumba ya babu yake ilikuwa na ufa:
ukitia kidole, kinazama.
Akamwuliza jirani: saruji naipata wapi?

Jirani akachangamka. Saruji!
Akamshika mkono mpaka mitendeni.
Chimba hapa. Loweka. Finyanga kama mikate,
anika, panga juu ya magogo ya mitende,
tia moto, uache uwake wiki nzima,
kisha twanga kwa magongo, wanaume wanne,
mpaka iwe unga; changanya na chokaa; kanda.
Baba akautazama udongo, akamtazama jirani,
akajua anafanyiwa mzaha.

Kwetu saruji huja na mfuko.
Unaukata kwa kisu, unatia mchanga na maji,
kesho unaegemea.
Neno moja, watu wawili, na kila mmoja
akaondoka akimhurumia mwenzake.

Akateremka Matrah, akarudi na mifuko sita
juu ya pikapu ya kuazima.
Yeye, aliyezaliwa ndani ya kuta za chokaa,
aliyejua chokaa hulala shimoni miezi ikipoa,
alitaka kwa mkono wake, mara moja tu,
kitu kisichongoja.
"Usipoziba ufa…" akaanza, mwiko hewani,
na sisi watano tukapokea kwa kelele:
"…utajenga ukuta!"
Kichochoro kizima kikatoa vichwa
kusikiliza lugha yetu.

Ufa akauziba.
Na kwa kuuziba huko, leo tunajenga ukuta.

Muhenna amenipa kipande, chekundu
kama kigae cha chungu, kina harufu ya moshi.
"Guse kwa ulimi."
Nikagusa. Ulimi ukanata.
"Unaona? Inakunywa. Ukuta wa udongo una kiu,
na una jasho. Mzee wako aliuziba mdomo."

Rafikul, suruali imekunjwa magotini,
anaikanda kwa miguu tangu alfajiri.
Namwambia: saruji.
Anatikisa kichwa. Kwao Barisali, anasema,
bibi yake aliita surki: tofali lililosagwa, na chokaa;
ilikuwa kwenye kisima chao,
na mto ulichukua nyumba, kisima ukakiacha.
Anarudi kukanyaga.

Kiraka kilitoka vipande vinane.
Nyuma yake, vumbi, na mabua makavu
yaliyobaki na umbo la tofali bila tofali.
Nilitaka kukasirika. Sikujua nimkasirikie nani.

Kwenye kipande cha mwisho, pembeni,
palikuwa na dole gumba.
Si sahihi, si tarehe.
Alikuwa anajaribu tu kama imekauka.

"Hiki pia kwenye lori?" akauliza Muhenna.

Sasa kiko kizingitini, kinauzuia mlango
usibamizwe na upepo wa mlimani.
Ni kizito. Kwa kazi hiyo, kinafaa.
Ukuta nao, wa kahawia, mbichi,
naumwagia maji asubuhi na jioni
kama nilivyoagizwa, siku ishirini na moja,
na kila nikipita natia dole langu
palepale, karibu na palepale,
kuona kama imekauka.
Bado.