Hakuna Athari

Barua ilikuwa ukurasa mmoja, muhuri wa zambarau:
kikosi cha maafa cha Mingoyo kinahamia kanda,
boti mbili, mahema, majaketi ya kuokolea,
na lile lori lililokuwa likiguna kupanda kilima.

Masika yakapita. Lukuledi ulijaa, ukapungua.
Hakufa mtu. Ripoti ikaandikwa: hakuna athari.

Sawa.

Lakini Somoe amezima jiko la pili.
Unga wa kilo kumi na mbili umekuwa kilo tatu,
na Chande wa kuni hapiti tena kwake;
punda wa Chande ameuzwa Mtama.

Pampu ya zahanati imelegea nati,
ile aliyokuwa akiikaza koplo Mnekano bila kuombwa,
akipita zake, spana mfukoni, anatafuna karanga.
Siku hizi wajawazito wanakuja na ndoo.

Shuleni alfajiri haina tena tarumbeta.
Mwalimu anawachapa wachelewaji,
naye mwenyewe kachelewa.

Na mimi, fundi cherehani, nimebaki na suruali sita za kijani.
Vifungo nimeshashona.

Juzi usiku ilinyesha, mvua ya kupita tu,
ya kuosha salfa kwenye mikorosho.
Nikatoka kufunga dirisha, nikamwona ng'ambo ya barabara
Bibi Nantipa, kakaa kizingitini,
mjukuu mgongoni, kuku kapuni,
viatu miguuni.

Nikamuuliza, safari ya wapi usiku huu?

"Sina safari," akasema.
"Nausikiliza mto."