Chaga za Kavutha

Julai ya Uthiru haina adabu,
baridi huingia kwenye mabati kama mpangaji mwenye ufunguo.
Leo nimekataa kuku walale chini.

Nimevunja kitanda cha Kavutha, kile cha ghorofa.
"Upande mpana uwe juu," fundi Musembi akasisitiza,
"kuku hashiki fito kama wewe unavyoshika kikombe.
Huvilalia vidole, manyoya yakawa soksi."
Nikapiga msasa hadi kingo zikalegea.
Tukapima mara mbili: chaga zizidi viota,
la sivyo watalala humo
na mimi nioshe mayai kila asubuhi.

Chaga moja imechongwa kwa kisu: KAVU.
Hakumaliza jina, labda nilimwita kula.
Fundi akasoma, akaigonga kwa kidole.
"Kweli, ni kavu."
Hiyo sikuipiga msasa.

Jioni wakapanda kwa vyeo vyao,
mwekundu kwanza, akimdonoa kila mwenye haraka.
Kuchi mzee, mwenye mguu mbovu,
nilimwekea ngazi ya vipande vilivyobaki.
Akaipuuza. Akaruka, akakosa.
Akaitazama ngazi kama deni.
Akaruka tena.

Saa tatu simu ikalia kutoka Doha.
"Mama, nikirudi Desemba nitalala wapi?"
Nikamwambia godoro lipo, nami nipo.
Hakucheka.
Nyuma ya ukuta kuku akamsukuma mwenzake,
mbao ikalia kidogo,
vile ilivyolia
alipokuwa akigeuka usingizini.