Tembo wa Ntyuka

Hapa Ntyuka jiwe tunaliamsha kwa moto.
Usiku tunalipangia magogo na matairi chakavu,
asubuhi linapasuka lenyewe, tak!
kama mtu aliyekumbuka deni.
Kisha nyundo. Kisha debe. Kisha tipa,
na dereva anayelalamika kuwa debe zangu hazijai.

Kazi ya jiwe niliyoijua ilikuwa hiyo tu:
kuwa dogo.

Mwaka ule moyo wa Nyemo ulipokutwa na tundu
(daktari alilichora, punje ya uwele juu ya karatasi)
tulikwenda India, mimi na yeye
na masweta mawili ambayo hatukuyavaa.
Chennai. Joto lenye maji ndani yake.
Siku ya tisa, mtoto kalala, mrija puani,
muuguzi Selvi akanisukuma mlangoni kwa ishara:
katembee, utakuja kuanguka hapa.
Shemeji yake, Murugesan, alikuwa na gari.

Nilidhani tunakwenda sokoni.

Akanishusha penye mawe.
Ndugu zangu, yalikuwa mawe yetu!
Ya kijivu, yenye chembe za kumetameta,
yaleyale yanayokula viatu vyangu,
ila haya hakuna aliyeyaponda.
Mtu aliingia kwenye jiwe moja akatoka na nyumba:
nguzo, ngazi, paa, miungu mlangoni,
bila tofali, bila mfuko mmoja wa saruji.
Na kando yake tembo amesimama,
mzima, miguu yote chini,
kama anasubiri watalii wamalize picha aende zake.

Ng'ambo, bahari ilikuwa inalipiga hekalu jingine
kwa mkono mwepesi kuliko wangu na wenye subira zaidi.
Nyuso za simba zimelainika kama sabuni ya jana.

Watu walivua viatu, nami nikavua,
Mwanglikana wa Dodoma, nikijiuliza
kama hili nitaliungama Jumapili au nitanyamaza.
Nikaweka kiganja ukutani, natafuta patasi.
Nikaipata: mikwaruzo midogo, yote imelalia upande mmoja.
Fundi alikuwa wa mkono wa kushoto.
Kama mimi.
Na chini, pembeni, simba nusu:
kichwa kimetoka, kiwiliwili bado kimo jiweni.
Kwa nini aliacha? nikauliza.
Murugesan akainua mabega. Zamani mno.
Labda mfalme alikufa. Labda malipo yalichelewa.
Hilo la malipo nililielewa bila mkalimani.

Nyemo alipona. Ana kovu refu kifuani,
mwenyewe huliita reli.
Shule zikifungwa huniletea chai machimboni,
analizunguka jiwe la juu, lile kubwa la mwisho:
Baba, humu mna nini?
Tembo, nikasema. Huu mgongo. Sikio hili.
Mkonga umeshukia hapa kwenye ufa.
Akampa jina: Selvi.

Ndipo lilipokuja agizo. Tipa kumi na nne, Mtumba,
jengo la ofisi, fedha mkononi,
na nauli ya ndege bado nadaiwa.
Nikapanga magogo.
Usiku sikulala, na sikutoka nje kutazama.
Asubuhi sikio lilikuwa chini.

Sasa ukifika Mtumba, mlinzi akakwambia
fungua mkoba, toa simu, simama hapa,
ujue tembo alishapita bila kukaguliwa.
Yumo msingini, debe kwa debe,
kabeba ghorofa sita na viyoyozi vyake.

Nyemo hakulia, wala hakunisemesha hadi magharibi.
Aliokota kokoto moja, akasema ni jicho,
akaitia mfukoni mwa sare.

Jana kaniuliza patasi ni shilingi ngapi.