Upenyo

Kati ya ghala la korosho na kibanda changu cha cherehani
palikuwa na upenyo, hatua tano kwa tatu:
pa chupa, pa mifupa, pa wanaume wa usiku.
Ukutani mtaa uliandika kwa rangi nyekundu
USIKOJOE HAPA. FAINI ELFU HAMSINI.
Walikojoa wakisoma.

Somoe Nangumbi alikuja na jembe la kuazima
katoka zamu ya usiku Ligula, wodi ya wazazi,
sare bado mwilini. Hakuniambia neno.
Alizoa. Akatandaza makumbi ya nazi,
mrehani akaupanda kwenye ndoo iliyopasuka,
asumini kwenye tairi,
akaweka kigoda, akakaa kuutazama ukuta
mpaka usingizi ukampitia.

Nilidhani amechanganyikiwa.
Kisha siku moja nikasimamisha gurudumu la cherehani,
nisimwamshe.

Sasa vigoda ni vinne.
Mchukuzi wa magunia huvua kandambili mlangoni,
na mlango wenyewe hakuna.
Asumini imepanda, imeimeza faini,
imelimeza katazo herufi kwa herufi,
limesalia neno moja jekundu.
Mkasi ninao shingoni, sigusi jani:

HAPA.