Upande Usiopigwa Jua

Ghorofa ya Byaruhanga ilipofika dari ya tatu
mawaridi yangu yalinitazama kama watoto wa bweni
siku ya kurudi shule.
Saa nne asubuhi kivuli kinavuka ua,
saa nane kimeshakalia jiko,
na jua ninaloliona ni lile la kwenye vilele vya Rwenzori,
la mbali, la watu wengine.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na barua ya kurasa mbili.
Akaisoma, akaikunja, akasema:
"Mama, jua halina hati ya kiwanja."

Basi nikang'oa mawaridi. Nikang'oa na maharage
yaliyorefuka bila kuzaa, membamba kama uzi wa kushonea.
Pakabaki udongo mweusi, konokono,
na ukuta unaotoka jasho.

Kando ya daraja la Mpanga yupo binti auzaye miche,
Kusemererwa, mwenye kidole gumba kilichokatika ncha.
Hakunisifia bidhaa. Aliuliza tu:
"Kivuli chako ni cha mti au cha ukuta?"
Sikujua kwamba vivuli vina koo.
Cha mti, alisema, hupumua, hudondosha chembe za mwanga;
cha ukuta kimekaa tu, kama mdai.
Akanifungia klivia mbili kwa karatasi ya saruji,
majani kama mikanda, kijani kizito.
"Hizi hazipukutiki. Ila usizihurumie kwa maji.
Na usizihesabie siku."

Nilihesabu.
Mwaka wa kwanza: jani moja, jani la pili.
Mwaka wa pili nilizisahau, nikauguza goti.
Nikarudi na maganda ya kahawa, nikaokota konokono kwa tochi,
nikazipa empaako, maana kwetu Tooro humsalimu mtu
bila jina hilo la upendo: huyu Akiiki, yule Abwooli.
"Akiiki, umeamkaje?"
Kimya. Kimya chenye afya, cha mtu anayekula vizuri.
Mvua zilizikuta kijani, kiangazi kikaziacha kijani.
Nilianza kuchoshwa na uaminifu huo.

Mwaka wa nne, katikati ya majani ya Abwooli,
kitu kama ulimi. Nikadhani ugonjwa.
Siku kumi na moja baadaye, kengele kumi na tano
za rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji
zinawaka pale ambapo hata shuka halikauki.

Nami niliyepanda nilikuwa wa pili kuona.
Juu, dirisha la ghorofa ya tatu,
mama mzazi wa Byaruhanga,
asiyeshuka ngazi tangu mguu wake upooze,
alikuwa amegandamiza paji la uso kwenye nondo.
"Wewe Adyeri!" akaniita,
wala sikujua kama analijua jina langu hilo.
"Kimefunguka tangu juzi.
Nilidhani hukitaki."

Ukuta sijausamehe. Barua ya pili ipo kwenye droo.
Lakini jana nimemtenga Abwooli na kichipukizi chake
kwa kisu cha jikoni, nikapaka jivu kwenye jeraha,
nikakipanda katika kopo la rangi
lililoachwa na mafundi wao,
na sasa nimesimama chini nahesabu ngazi:
arobaini na moja,
na goti, na kopo.